Laini, ya kati au ngumu? Kulinganisha aloi za risasi kwa presha na kasi ya bastola

Kiswahili kinatubana kidogo hapa: risasi ni madini, na risasi hiyohiyo ndiyo inayotoka mtutuni. Kwa hiyo tukubaliane mapema. Humu ndani, "risasi" ni madini. Kinachoruka ni "kichwa". Ganda, baruti na fataki vinabaki na majina yao.

Makala haya ni ya wale wanaojaza upya maganda yao kihalali. Wengi wao wako Marekani, ambako sheria ya shirikisho humruhusu mtu kujaza kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni; anayetengeneza ili auze ndiye anayehitaji leseni ya aina ya 06. Aliye Kenya au Tanzania asome kama elimu ya madini tu, maana huko kujaza maganda bila kibali ni kosa la jinai.

Swali linalowakwamisha wengi ni hili: kuna vichwa laini, vya kati, vigumu, vigumu kupindukia na vilivyopakwa rangi, kila muuzaji anasifu chake, na mtutu unaendelea kupakwa utando wa kijivu. Nichukue kipi?

Kabla ya ugumu, pima kipenyo

Hakuna aloi itakayokuokoa kama kichwa ni chembamba kuliko mtutu wako. Baruti inapowaka, gesi hukisukuma kichwa kwenye kitako. Kama kichwa hakijajaza mifuo ya mtutu, yaani mitaro ya mzunguko iliyochongwa ndani yake kati ya matuta, gesi ya moto hupenya pembeni, hukata risasi kama mwali wa fundi wa kuchomelea, na kuitapakaza mtutuni. Watu huita hali hiyo "risasi laini mno" na kukimbilia aloi ngumu zaidi, nayo ikazidisha tatizo.

Kanuni ya kuanzia ni elfu moja ya inchi, yaani takriban milimita 0.025, juu ya kipenyo cha mifuo. Kwa .38 na .357 yenye mifuo ya inchi .357, kichwa kiwe .358. Kwa 9 mm yenye .355, kiwe .356, na mitutu mingi hufurahia .357. Kwa .45 ACP yenye .451, kiwe .452. Kwa .44 yenye .429, kiwe .430 au .431.

Kujua kipenyo cha mtutu wako, hakikisha kwanza bastola haina kitu, pakaza mafuta mtutuni, kisha sukuma kipande cha risasi safi kwa kijiti cha mbao na nyundo ndogo hadi kitokee upande wa pili. Kipime kwa maikromita. Kalipa ya kawaida haitoshi. Bastola za silinda za Smith & Wesson zina mifuo mitano, kwa hiyo mfuo hautazamani na mfuo, na maikromita ya kawaida itakudanganya. Kwenye bastola za silinda kuna jambo jingine: koo la kila chumba. Koo likiwa jembamba kuliko mifuo, kichwa kinabanwa kabla hakijafika mtutuni, na saizi nzuri uliyonunua inapotea hapo.

Vigezo vya kulinganishia

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Brinell, kifupi BHN. Risasi safi ni kama 5. Kila aloi hapa chini tutaitazama kwa presha na kasi inayoivumilia, kwa namna inavyopatikana na kusubiwa, kwa jinsi inavyoharibika, na kwa mtu inayemfaa.

Kuhusu presha kuna hesabu inayozunguka sana miongoni mwa wajazaji: gawanya presha, kwa pauni kwa inchi ya mraba, kwa 1,280. Namba hiyo ni asilimia 90 ya 1,422, ambayo ndiyo inayogeuza kilo kwa milimita ya mraba kuwa pauni kwa inchi ya mraba. Jibu ni ugumu ambao kitako kinaanza kutanuka kidogo na kuziba mifuo bila kusambaratika. Kwa presha za juu kabisa zinazoruhusiwa na SAAMI, chombo cha viwango cha watengenezaji wa Marekani, tunapata hivi:

| Aina | Presha ya juu | Kasi ya kawaida (futi kwa sekunde) | BHN kwa hesabu |
|---|---|---|---|
| .45 Colt | 14,000 | 700–900 | 11 |
| .38 Special | 17,000 | 700–900 | 13 |
| .45 ACP | 21,000 | 750–850 | 16 |
| 9 mm Luger | 35,000 | 1,000–1,150 | 27 |
| .357 Magnum | 35,000 | 1,100–1,400 | 27 |
| .44 Magnum | 36,000 | 1,100–1,400 | 28 |

Itazame 9 mm. Hesabu inadai 27, lakini watu wengi hupiga vichwa vya 12 hadi 15 kwenye 9 mm na mtutu unabaki safi, kwa sababu kipenyo kimekaa sawa na mafuta ya kulainishia kichwa yanatosha. Hesabu hii basi ni dira tu. Faida yake kubwa iko upande wa chini: inakuonya kwamba kichwa cha BHN 22 kwenye .38 ya kulengea shabaha hakitatanuka hata kidogo, na kikiwa chembamba kwa nywele moja, gesi itapita.

Utaona pia kwamba kasi na presha haziendi sambamba daima. .45 ACP ni ya taratibu lakini presha yake inaipita .38. Kasi huhesabiwa kwa sababu ni rahisi kuipima. Kinachokibonyeza kichwa ni presha, na kasi huongeza msuguano na kazi ya mafuta.

Laini: risasi safi hadi mchanganyiko wa 1:20 (BHN 5–10)

*Presha na kasi.* Risasi safi na vichwa vilivyofinyangwa baridi kiwandani hukaa vizuri chini ya futi 800 kwa sekunde, yaani mita 245 hivi. Ukiongeza bati sehemu moja kwa sehemu ishirini za risasi, kwa mfano nusu kilo ya bati kwenye kilo kumi, ugumu hufika kama 10 na unaweza kukaribia futi 1,000.

*Kupatikana na kusubu.* Risasi safi hutoka kwenye mabomba ya zamani, mabamba ya kuezekea paa, na vizani vya kubandika vya magurudumu. Bei ni nafuu mpaka uguse bati. Bati ndilo ghali, lakini ndilo linaloifanya risasi iingie kwenye kona za kalibu. Risasi safi peke yake hutoa vichwa vyenye mikunjo na kingo za mviringo.

*Kinachoharibika.* Ukizidisha presha, kichwa huteleza juu ya matuta ya mtutu badala ya kuzunguka nayo, na utando huonekana mwanzoni mwa mtutu. Kile kichwa bapa chenye kitako cha shimo, kinachopendwa na walenga shabaha wa .38, kina hatari yake: presha ikizidi, sketi ya nyuma huchanika na inaweza kubaki mtutuni. Kichwa kinachofuata kikikutana nayo, mtutu unavimba. Kwa kichwa hicho hakuna sababu yoyote ya kutafuta kasi.

*Inamfaa nani.* Mlenga shabaha wa .38 na .45 Colt, na mwenye bastola ya zamani anayetumia baruti nyeusi.

Ya kati: risasi za balansi ya magurudumu (BHN 9–12)

Kwa miongo mingi hiki ndicho kilikuwa chakula cha kila siku cha wanaosubu. Vile vizani vya kubana kwenye rimu vina antimoni kidogo na chembe za arseniki. Ongeza bati asilimia 2 ili kalibu ijae, na kazi imekwisha.

*Presha na kasi.* Kichwa chenye kitako cha kawaida hufika futi 1,100 bila shida, na wengine hukisukuma hadi 1,200 (mita 366) kwa mafuta mazuri. Ni aloi yenye uvumilivu: laini ya kutosha kuziba kwenye .38, ngumu ya kutosha kwa .45 ACP na 9 mm ya wastani.

*Kupatikana na kusubu.* Hapa mambo yamebadilika. Ulaya ilipiga marufuku vizani vya risasi mwaka 2005, California ikafuata 2010, na sasa ndoo unayopewa na fundi wa matairi imejaa chuma na zinki. Zinki ndiyo adui. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327.5 za selsiasi, zinki kwenye 419.5. Weka kipimajoto, yeyusha chini ya nyuzi 370, na vizani vya zinki vitaelea juu pamoja na klipu za chuma. Viondoe kwa kijiko. Ukiacha sufuria ipande bila kuangalia, zinki itachanganyika, aloi itakuwa kama uji wa shayiri, na vichwa vitatoka bila kingo.

Kuna ziada: ukidondosha vichwa kutoka kwenye kalibu moja kwa moja ndani ya ndoo ya maji, antimoni na arseniki hukifanya kichwa kiwe kigumu hadi 18 na zaidi. Ugumu huo haukamiliki siku hiyohiyo. Subiri siku kadhaa kabla ya kupima. Ndoo iwe mbali na sufuria, na kitambaa kizuie marusho. Tone moja la maji likizama kwenye risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo, na sufuria nzima humrukia aliyesimama karibu.

*Kinachoharibika.* Kutofautiana. Ndoo ya leo si ndoo ya jana. Yeyusha kiasi kikubwa mara moja, kilo 20 au zaidi, uandike namba kwenye vipande vilivyoganda.

*Inamfaa nani.* Anayesubu mwenyewe na anajaza aina mbili tatu kwa aloi moja.

Ngumu ya kawaida: Lyman namba 2 na ile ya 92-6-2 (BHN 15–16)

*Presha na kasi.* Futi 1,000 hadi 1,300 au 1,400 hivi, kutegemea mafuta. Hii ndiyo sehemu ya 9 mm, .40 na .357 ya nguvu.

*Kupatikana na kusubu.* Lyman namba 2 ni risasi asilimia 90, bati 5, antimoni 5. Fomula ya jikoni: sehemu tisa za risasi za balansi kwa sehemu moja ya lehemu ya nusu kwa nusu. Ile ya 92-6-2 (risasi 92, antimoni 6, bati 2) ndiyo inayotumika kwenye mashine nyingi za kibiashara, na unaweza kuipata kwa kuchanganya linotaipu (madini ya herufi za kuchapia, tutayaona hapa chini) na risasi safi kwa uzani sawa. Ukinunua vichwa tayari, huenda ni hivi.

*Kinachoharibika.* Tatizo la vichwa vya dukani mara nyingi liko kwenye nta ya kulainishia. Ile nta ngumu ya bluu au nyekundu imechaguliwa kwa sababu haibanduki kwenye sanduku la posta. Kwenye .38 ya taratibu haiyeyuki ipasavyo, kitako hakitanuki, na mteja analalamika kuwa vichwa "vigumu" vimemchafulia mtutu. Nta laini ya zamani, nusu nta ya nyuki na nusu Alox (kilainishi cha kiwandani), hufanya kazi vizuri zaidi hapo, ingawa inanata vidole na kukusanya vumbi.

*Inamfaa nani.* Anayenunua badala ya kusubu, na mwenye bastola ya kujipakia inayotaka vichwa visivyochubuka vinapopanda kutoka kwenye magazini.

Ngumu sana: linotaipu na zaidi (BHN 22+)

Linotaipu ni madini ya herufi za mitambo ya zamani ya kuchapia magazeti: risasi 84, antimoni 12, bati 4. Hujaza kalibu vizuri ajabu na vichwa hutoka vyepesi kidogo na vipana kidogo kuliko vya aloi laini.

*Presha na kasi.* Futi 1,400 na kupanda, hasa ukiweka kikombe cha shaba kwenye kitako.

*Kupatikana.* Magazeti yaliacha mitambo hiyo zamani, kwa hiyo linotaipu haiongezeki. Kuipiga hivihivi kwenye bastola ni kuchoma mbao za mninga kupikia ugali. Itumie kuimarisha risasi laini.

*Kinachoharibika.* Kwenye presha ndogo haizibi. Kwa mwindaji, antimoni nyingi hukifanya kichwa kiwe kama kigae: kikigonga mfupa kinaweza kupasuka. Mwindaji wa California hahusiki kabisa, kwani tangu Julai 2019 uwindaji wa huko hauruhusu vichwa vyenye risasi vya aina yoyote.

*Inamfaa nani.* Mwenye .44 Magnum ya nguvu kamili, na wachache wengine.

Njia ya pembeni: kupaka rangi ya unga

Hapa swali la ugumu linapungua makali. Rangi ya unga ya poliesta, ileile inayopakwa kwenye rimu na samani za chuma, huokwa kwenye nyuzi 200 hivi za selsiasi kwa dakika 20 na kuwa ngozi inayoitenga risasi na mtutu. Nta haihitajiki, moshi hupungua, na mikono haishiki risasi tupu.

*Presha na kasi.* Aloi ya BHN 8 hadi 12 iliyopakwa hustahimili futi 1,200 na zaidi.

*Kupatikana na kusubu.* Oveni ndogo ya kaunta inatosha, lakini isirudi kupika chakula tena. Ngozi huongeza elfu moja hadi mbili ya inchi kwenye kipenyo, kwa hiyo pitisha vichwa kwenye pete ya kubania saizi baada ya kupaka. Joto la oveni hufuta ugumu uliopatikana kwa maji. Anayeuhitaji huvidondosha tena majini vikitoka motoni.

*Kinachoharibika.* Kutoiva. Ponda kichwa kimoja kwa nyundo hadi kiwe bapa: rangi ikibanduka vipande vipande, haikuiva au kichwa kilikuwa na mafuta. Kisha futa kingine kwa kitambaa chenye asetoni. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, rudisha oveni.

*Inamfaa nani.* Mpigaji wa 9 mm anayepiga nyingi, hasa ndani ya jengo. Wenye Glock wajue kwamba mtengenezaji anakataza vichwa vya risasi visivyo na koti la shaba kwenye mitutu yake. Wengi hupiga vilivyopakwa, lakini hiyo ni juu yao.

Mtutu unakuambia nini

Piga mara kumi, kisha mulika mtutu kabla ya kusafisha. Utando ukiwa mwanzoni, karibu na chumba, shuku kipenyo kwanza, kisha ugumu usiolingana na presha. Ukiwa mwishoni kwenye mdomo, mafuta yaliisha njiani: ongeza mafuta, badilisha nta, au punguza kasi. Ukiwa umefuata ukingo wa matuta kama mstari, kichwa kinateleza. Hapo ndipo aloi ngumu zaidi inastahili kujaribiwa.

Kwa 9 mm kuna mtego mmoja unaowapoteza wengi. Ganda lake ni jembamba mdomoni na nene ndani, na zile zana za kubana mdomo zenye pete ya kabaidi hubana hadi kichwa kilichomo. Umenunua .357, ndani ya ganda kimekuwa .355. Tengeneza moja isiyo na baruti wala fataki, ng'oa kichwa, kipime. Kikiwa kimepungua, dawa ni kipanuo kikubwa zaidi na kubana kidogo. Aloi mpya haitabadilisha kitu.

Utando uliopo hutoka kwa nyuzi za shaba tupu za kusugulia sufuria zikizungushwa kwenye brashi kuukuu. Usijaribu kuusafisha kwa kupiga vichwa vya koti juu yake. Ukiwa mnene huongeza presha.

Kiasi cha baruti kitoke kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, kwa kichwa cha risasi cha uzani huohuo, si cha koti. Sumu nayo: kwenye joto la kusubu mvuke wa risasi ni mdogo, lakini vumbi la takataka zinazoelea na mabaki ya fataki huingia kwa mikono na chakula. Usile wala kuvuta sigara mezani pa kazi, nawa kwa maji baridi na sabuni, na nguo hizo zisifuliwe pamoja na za watoto.

Kwa hali yako

Unapiga .38 ya shabaha kwa futi 750: chukua BHN 8 hadi 10, nta laini. Ukipata tu vya dukani vya 15, hakikisha kipenyo ni .358 kamili na ubadilishe nta ikibidi.

Unapiga .45 ACP: chochote kati ya 10 na 16 kitafanya kazi, na ugomvi mwingi kuhusu aina hii ni wa bure.

Unapiga 9 mm na unanunua: 15 hadi 16, saizi .356 au .357, au vilivyopakwa. Unasubu mwenyewe: aloi ya kati na rangi ya unga.

Una .357 au .44 Magnum: chini ya futi 1,100, aloi ya kati inatosha. Juu yake, nenda 15 na kupanda, na karibu na futi 1,400 weka kikombe cha shaba.

Una ndoo moja ya madini na bastola tatu tofauti: isubu iwe 11 au 12, tumia maji kwa zile za presha, acha hewani kwa zile za taratibu, na fedha uliyotaka kununulia linotaipu nunulia maikromita.